Usalama wa Bafu Nyumbani Unapolea Watoto wa Wenzako

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashushwa.)

Kama una mtoto mgongoni, mshushe umnyonyeshe huku ukisikiliza. Na kama una nguo ulizoloweka kwenye beseni, tafadhali tupa jicho kwanza uone ni nani yuko karibu na hilo beseni, kwa sababu hilo ndilo lililonileta leo.

Hapa Kakamega tukisikia habari ya mtoto kufa maji, mawazo yetu huenda mtoni. Tunafikiria Isiukhu, au Nzoia, au Yala, hasa mwezi wa Aprili na wa Mei wakati mvua inanyesha karibu kila alasiri. Ni kweli mito hiyo ni hatari, na mtoto wa shule lazima aonywe. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu hafiki Isiukhu. Anafika bafuni.

Katika ripoti yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 duniani walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto mdogo hahitaji bahari. Maji yasiyofika vidole vitatu kwenda juu yanatosha kumfunika pua na mdomo, na dakika mbili tatu zinatosha kumuua. Tena hapigi kelele. Sisi tunangoja kusikia akilia ndipo tukimbie, kumbe anayezama hana pumzi ya kulilia.

Nitakueleza jambo ambalo muuguzi angependa lisijulikane. Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miezi kumi na moja, ndio kwanza anajifunza kusimama kwa kushika vitu. Nilikuwa nimeloweka yunifomu yangu ya kazi bafuni, kwenye beseni, kwa maji yenye Jik kidogo. Simu ikalia chumbani. Nikaiendea, nikazungumza maneno machache tu, nikarudi. Nilimkuta amelala kifudifudi, tumbo kwenye ukingo wa beseni, uso ndani ya maji, miguu inachezacheza. Maji yale hayakufika hata nusu ya beseni. Nilimtoa, akakohoa, akatapika, akalia. Nilimpeleka hospitali, akaangaliwa usiku kucha, tukarudi nyumbani salama. Nilikuwa na diploma ya uuguzi na nilikuwa nimewafundisha akina mama wengi mambo haya. Kwa hiyo leo sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja kama mama aliyeponea chupuchupu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Siku hizi katika mitaa yetu, Amalemba, Shirere, Lurambi na kwingineko, mama akimaliza likizo ya uzazi, au akiwa ana kibanda chake sokoni, anatafuta mahali pa kumwacha mtoto. Jirani mwenye roho nzuri anapokea watoto watano, sita, wengine hata kumi, sebuleni kwake. Hiyo ndiyo dei kea yetu. Mimi naisifu kazi hiyo. Mtoto aliye chini ya macho ya mtu mzima yuko salama kuliko yule anayezunguka ploti akimfuata mama yake aliye na shughuli. Nchini Bangladesh, ambako vidimbwi viko kila mahali, vijiji vilianzisha nyumba za kulea watoto saa za asubuhi mama anapokuwa na kazi nyingi, na vifo vya watoto kwenye maji vikapungua sana.

Ila kuna kitu kimoja. Sebule mama huyu anaiandaa kwa ajili ya watoto. Anatandika mkeka, anaondoa meza ya kioo, anafunga jikoni. Bafu haliandai, kwa sababu bafu si la watoto. Ni la nyumba nzima. Baba anaoga humo saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka na pikipiki yake. Kijana wa sekondari anaoga humo. Kukhu aliyekuja kutoka kijijini kwa matibabu anaoga humo. Kila mmoja anatoka akiwa ameacha kitu. Halafu saa moja na nusu watoto sita wanaletwa.

Nilitembelea nyumba moja ya namna hiyo. Mama mwenyewe ni mtu msafi sana. Nilipoomba kuona bafu aliniambia, "Sista, kwangu ni safi, hata wewe unaweza kuoga." Na kweli lilikuwa safi. Nikamwomba tupige magoti sote wawili mlangoni, tuingie kwa magoti kama watoto. Alicheka, akasema ataniharibia nguo. Tukaingia.

Tukiwa wima tulikuwa tumeona sakafu iliyosuguliwa. Tukiwa chini tuliona mambo mengine. Wembe wa baba ulikuwa kwenye ukingo wa dirisha dogo la chini. Nyuma ya mlango palikuwa na chupa ya soda yenye kitu cheupe, na yule mama akasema, "Hiyo ni Jik ya kupimiwa, nilinunua dukani." Kando yake ilikuwepo chupa nyingine, ya maji ya kunywa, yenye sabuni ya maji ya rangi ya kijani kama sharubati. Chini ya sinki palikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana shemeji yake alikuwa ameiacha hapo akielekea nyumbani. Tembe za sukari za kukhu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni ulioning'inia kwenye msumari, na mfuko ulikuwa umeshuka hadi usawa wa mkono wa mtoto. Na katikati ya bafu ndoo mbili za maji, zimejaa pomoni, kwa sababu mfereji hukauka mchana.

Yule mama alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini sista, hakuna hata kimoja humu nilichoweka mimi." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba somo la bafu la namna hii si la mama peke yake. Huwezi kulilinda bafu la watu sita kwa macho mawili. Lazima watu wote wa nyumba wakubaliane.

Tuanze na ndoo, kwa sababu ndiyo inayoua haraka zaidi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 10 hivi. Akiinama kuchezea maji, kichwa chake, ambacho ni kizito kikilinganishwa na mwili, kinamvuta ndani. Ndoo haianguki, kwa kuwa ni nzito mara mbili kuliko yeye. Mikono yake haina nguvu ya kumwinua. Watu huniuliza, "Sasa tusiweke maji? Mfereji ukikauka je?" Wekeni. Lakini wekeni kwenye mitungi ile yenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kuzungusha, si kwenye ndoo wazi. Maji yale yale, hatari imeondoka. Pipa kubwa lifunikwe kwa kifuniko kinachobana, au kwa mbao na jiwe zito juu yake ambalo mtoto hawezi kulisukuma. Ndoo na karai zikimaliza kazi, zimwagwe maji na zigeuzwe kifudifudi. Na mabeseni tunayotega chini ya paa la mabati wakati wa mvua, asubuhi yasingojee watoto uani.

Jambo la pili ni mlango. Mwite fundi akuwekee komeo kwa nje, juu kabisa, pale ambapo wewe unalifikia kwa kunyoosha mkono. Bei ya komeo haifiki bei ya jogoo. Na lile komeo la ndani lililo chini, liondolewe au lipandishwe juu pia. Watoto wa miaka mitatu hupenda sana kujifungia, halafu hawajui kufungua, na wewe uko nje unabembeleza, unaahidi peremende, huku ndani kuna maji. Pazia si mlango. Nimeona mabafu mengi yenye pazia tu. Kama kwako ni pazia, basi usiache kitu chochote ndani, hata kijiko cha maji.

Chupa nazo. Mtoto hajui kusoma. Yeye anajua kwamba chupa ya soda ina soda. Tukimimina Jik, mafuta ya taa au sabuni kwenye chupa ya kinywaji, tumemdanganya. Ukinunua vitu vya kupimiwa, nenda na chombo kisichofanana na cha kunywa, kiandike, kisha kiweke juu kwenye kabati lenye kufuli, nje ya bafu. Dawa ya ng'ombe, dawa ya panya na dawa ya shambani haziingii ndani ya nyumba ya watoto hata kwa usiku mmoja. Shemeji ataudhika kidogo, basi na audhike. Nikiwa hapo hapo niseme na akina mama wanaopenda usafi kupita kiasi: usichanganye Jik na dawa nyingine ya kusafishia choo ukidhani utapata nguvu maradufu. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu letu lina kidirisha kimoja tu.

Halafu kuna ile koili ya umeme tunayotumbukiza kwenye ndoo kuchemshia maji. Najua inasaidia, asubuhi zetu ni za baridi. Lakini koili ndani ya ndoo, ndoo sakafuni, sakafu imelowa, waya umepita mlangoni, na mtoto anatambaa. Hapo pana umeme na maji ya moto mahali pamoja. Wakati watoto wa watu wako nyumbani, koili isitumike kabisa. Chemsha maji jikoni kabla hawajafika, yatie kwenye thamosi, uiweke juu. Na unapochanganya maji ya kuoga, anza na maji baridi, kisha ongeza ya moto, koroga, pima kwa kiwiko chako. Tukianza na ya moto tukimgeukia mtoto kumvua nguo, yeye huwahi kutia mkono kabla hatujamimina ya baridi. Maji ya moto wa nyuzi 60, ambayo bado hayajachemka, huunguza ngozi ya mtoto mdogo kwa muda mfupi sana.

Sasa nataka niseme jambo ambalo huenda walezi wengine hawatalipenda. Je, ni lazima uwaogeshe watoto wa dei kea? Mimi naona sivyo. Mama yake amwogeshe nyumbani asubuhi au jioni. Wewe una watoto sita na mikono miwili. Ukiingia bafuni na mmoja, umewaacha watano. Ukitoka kuwaangalia watano, umemwacha mmoja kwenye maji. Mtoto akijichafua, mpanguse kwa kitambaa na maji ya vuguvugu hapo hapo sebuleni, ukiwaona wengine wote. Ikibidi aogeshwe, basi awepo mtu mzima wa pili nyumbani. Kitoto cha miaka saba si mtu mzima wa pili, hata kikiwa na akili namna gani. Tusikiachie mzigo ambao kikishindwa kitaubeba maisha yake yote. Na ukiwa unamwogesha mtoto kisha mtu akabisha hodi, au simu ikalia, mfunge leso uende naye. Mgeni ataelewa.

Kwa choo ni vivyo hivyo. Wadogo watumie poti, kila mmoja yake, na kinyesi kimwagwe chooni mara moja, maana kinyesi cha mtoto nacho huleta maradhi. Choo cha shimo kiwe na kifuniko, na mlango wake ufungwe. Tundu lililochimbwa kwa kipimo cha mtu mzima linaweza kummeza mtoto. Kama ni choo cha kuvuta maji, kifuniko kiwe chini wakati wote. Na anayempeleka mtoto chooni awe ni mlezi mwenyewe. Asiwe mpangaji, asiwe kijana wa jirani, asiwe mgeni wa baba aliyekuja kulala siku mbili. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Nasema mtoto ameachwa mikononi mwako, si mwao. Ukiona au ukihofu kwamba mtoto anadhulumiwa, namba 116 hupigwa bila malipo.

(Muziki kidogo.)

Tuseme tumejitahidi na bado ajali imetokea. Ufanye nini?

Ukimkuta mtoto kwenye maji, mtoe, piga yowe watu waje. Usimshike miguu ukamning'iniza kichwa chini, na usimkandamize tumbo ili maji yatoke. Hayo yanapoteza muda. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi tano ndogo, kila moja ukiona kifua kinapanda. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, kwa kina cha theluthi moja ya kifua chake. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, kwa mkubwa kiganja kimoja. Kisha pumzi mbili, kisha 30 tena, bila kuchoka, hata mkiwa njiani kwenda hospitali. Mwingine apige 999 au 112, au aite gari lililo karibu. Na kama alikohoa akaonekana mzima, bado mpeleke akaangaliwe. Binti yangu alionekana mzima.

Akiungua, mtie chini ya maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, mtoto atalia, endelea tu. Mvue nguo iliyolowa maji ya moto, ila iliyogandamana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala siagi. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

Akinywa Jik, mafuta ya taa au sumu yoyote, usimtapishe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakipanda huingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uibebe ili daktari ajue amekunywa nini. Kikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20.

Akishikwa na umeme, zima swichi kubwa ya nyumba kwanza. Usimguse kabla ya hapo, tusije tukawapoteza wawili.

Nawe mama unayepeleka mtoto dei kea, kesho asubuhi usiondoke mlangoni tu. Najua unaona haya kukagua nyumba ya mwenzako. Sema hivi: "Dada, naomba nimsaidie mtoto kunawa, bafu liko wapi?" Utaona mwenyewe. Ukiona ndoo imejaa, usinune wala usiende kuwasimulia akina mama wengine. Mwambie palepale, kwa heshima, na kama unaweza, changieni nyote mnunue komeo na mitungi miwili. Watoto ni wenu.

Yule mama niliyepiga magoti naye aliwaita watu wa nyumbani jioni ile ile. Walikubaliana kwamba kila anayetoka bafuni anaacha ndoo tupu na sakafu iliyopanguswa, anatoka na kila alichoingia nacho, na anafunga komeo la juu. Baba alipewa msumari chumbani wa kuning'iniza mfuko wa wembe wake. Alinung'unika. Kijana wa sekondari ndiye aliyefanywa mkaguzi, kwa kuwa ndiye wa mwisho kutoka asubuhi, na nilipopita tena aliniambia kwamba mtu anayemsumbua zaidi ni mama yake mwenyewe, husahau kugeuza beseni. Mama alicheka, akaenda kuligeuza.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza kuhusu kunawa mikono kwa kibuyu chirizi na jinsi ya kukitengeneza kwa mtungi wa lita tano. Uje na mtungi, msumari na kamba. Mulembe.

(Muziki unapanda.)